MALEZI, REDIO NA SIASA YA NCHI ZA NJE



Tarehe 16 Januari, 2025, mji wa Juba ulishuhudia jambo la kusikitisha. Makundi ya vijana yalitoka mitaani kwa hasira, yakavunja na kupora maduka ya wafanyabiashara wa Kisudan, na watu wakapoteza maisha yao. Kesho yake Polisi walitangaza amri ya kutotoka nje usiku katika nchi nzima. Ajabu ni kwamba chanzo cha ghasia hizo hakikuwa Juba. Chanzo kilikuwa Wad Madani, mji mkuu wa jimbo la Gezira katika Sudan, ambako siku chache kabla ya hapo, baada ya jeshi la Sudan kuutwaa tena mji huo, raia wa Sudan Kusini walikuwa wameuawa. Picha za mauaji hayo zilisafiri kwa simu za mkononi kupita mamia ya maili ya jangwa na kinamasi, zikafika Juba kabla ya taarifa yoyote ya serikali, kabla ya uchunguzi wowote, na kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kufikiri.

Mwenye duka aliyeporwa Juba hakuwa ameua mtu Wad Madani. Miongoni mwa wafanyabiashara hao walikuwamo watu wa Darfur, ambao wao wenyewe wamefiwa na kukimbia makwao kwa sababu ya vita vya Sudan. Lakini katika macho ya mwenye hasira, wote walikuwa kitu kimoja. Tarehe 22 Januari mamlaka ya mawasiliano iliamuru mitandao kama Facebook na TikTok ifungwe, na tarehe 27 amri hiyo ikaondolewa. Hatua hiyo ilikuwa ya kuzima moto uliokwisha kuwaka. Swali linalobaki, nalo ni kubwa kuliko mtandao wowote, ni hili: kuni zilizoshika moto kwa upesi kiasi hicho zilitoka wapi?

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huo haukutungwa kwa ajili ya watoto wa mitaani peke yao. Unamhusu pia waziri, balozi, jemadari na rais. Mtu anapokalia kiti cha madaraka na kuulizwa nani rafiki wa nchi na nani adui, haanzi kufikiri siku ile. Jibu lake lilianza kuandaliwa miaka 30 au 40 nyuma, katika darasa alilokaa, katika kitabu alichosomewa na mzazi wake, na katika redio iliyokuwa ikilia nyumbani kwao jioni. Malezi hupanga kuni, na habari huwasha kiberiti. Historia ya Sudan na Sudan Kusini inadhihirisha jambo hilo waziwazi, na askari wa nchi hii hana budi kuielewa, kwa kuwa yeye ndiye hutumwa kulipa gharama ya maoni ya wakubwa.

Ukitoka Juba na kuufuata mto kuelekea kusini, hufiki mbali kabla hujaiona Rejaf. Hapo, mwezi wa Aprili 1928, serikali ya kikoloni ya Waingereza na wamishenari walifanya mkutano juu ya lugha. Walichagua lugha chache za kufundishia watoto katika shule za msingi za Kusini, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk na Kizande, na Kiingereza kikawa lugha ya elimu ya juu. Kiarabu kilisukumwa pembeni. Tayari tangu mwaka 1922 palikuwapo sheria ya wilaya zilizofungwa, iliyomzuia mtu wa Kaskazini kuingia Kusini bila kibali, na mwaka 1930 siasa hiyo ya kutenganisha ilithibitishwa rasmi. Elimu iliachwa mikononi mwa misheni, kila misheni na eneo lake.

Matokeo yake yalikuwa nini? Watoto wa nchi moja walilelewa kama watoto wa dunia mbili. Mtoto wa Kusini alifundishwa Biblia na Kiingereza, akajua majina ya miji ya Palestina ya kale kabla hajajua ramani ya Khartoum. Mtoto wa Kaskazini alifundishwa Kurani na Kiarabu, akajua habari za Cairo na Makka kabla hajasikia jina la Torit. Kisha, Juni 1947, mkutano ulifanyika hapa Juba, na baada ya mkutano huo Waingereza wakaamua kwamba dunia hizo mbili zitakuwa nchi moja. Wala kufungiwa mlango hakukuiua lugha, maana Kiarabu cha Juba mpaka leo husemwa sokoni Konyo Konyo, kambini na kwenye malindo. Kilichokufa ni mazoea ya kumwona jirani kwa macho yako mwenyewe.

Hebu watazamwe watu wawili walioibuka katika dunia hizo mbili.

Wa kwanza ni Joseph Lagu, aliyezaliwa mwaka 1931 katika kabila la Madi. Alipita katika shule za misheni ya Kianglikana, akaendelea hadi sekondari ya Rumbek, kisha akaingia Chuo cha Kijeshi cha Omdurman na kuhitimu mwaka 1960. Huo ulikuwa mwaka ambao serikali ya Jenerali Abboud ilibadili siku ya mapumziko katika Kusini kutoka Jumapili kuwa Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Mwaka 1963 Lagu aliliacha jeshi, akaingia msituni, na baadaye akawa kiongozi wa Anya-Nya. Mwaka 1964 wamishenari wa kigeni walifukuzwa Kusini. Mwezi wa Juni 1967, vita vya siku sita vilipokwisha na majeshi ya Waarabu kushindwa, Lagu alimwandikia barua Waziri Mkuu wa Israeli, Levi Eshkol, kumpongeza na kuomba msaada. Msaada ulikuja, wa silaha na wa mafunzo.

Hesabu ya kijeshi ilikuwamo katika barua hiyo, bila shaka, kwa kuwa adui wa adui yako huweza kukufaa. Lakini si hesabu peke yake. Kwa kijana aliyekulia shule ya misheni, Israeli halikuwa jina geni. Alikuwa amelisikia tangu utotoni, kila Jumapili. Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai, 2011, uhusiano wa kibalozi na Israeli ulianzishwa mwezi ule ule, na Rais Salva Kiir akaitembelea nchi hiyo Desemba ya mwaka huo. Mbegu ya urafiki huo ilikuwa ardhini miaka mingi kabla ya bendera kupandishwa.

Wa pili ni Jaafar Nimeiri, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, baba yake akiwa mtumishi wa posta. Alisoma katika shule ya sekondari ya Hantoub, ambayo iko ng'ambo ya mto kutoka mji ule ule wa Wad Madani, kisha akaingia Chuo cha Kijeshi na kuhitimu mwaka 1952. Mwaka huo huo, Misri, Gamal Abdel Nasser na maofisa wenzake walimwondoa mfalme. Tarehe 4 Julai, 1953, Cairo ilianzisha matangazo ya Sauti ya Waarabu, na kuanzia hapo redio hiyo ilisikika katika kila mgahawa na kila kambi kutoka Morocco mpaka Aden. Kijana mwenye nyota mpya begani alisikia kila jioni kwamba Waarabu ni taifa moja, kwamba mkoloni atashindwa, na kwamba njia ya ushindi ni umoja nyuma ya Cairo. Nimeiri alipotwaa madaraka tarehe 25 Mei, 1969, hakuchukua muda kuonyesha mwelekeo wake. Desemba ya mwaka huo alikuwa Tripoli pamoja na Nasser na Muammar Gaddafi, wakitia sahihi mkataba wa ushirikiano wa nchi zao tatu.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, ifikapo mwaka 1970 vita vya Sudan vilikuwa vimekwisha kuwa vita vya madirisha mawili. Lagu alitazama nje akaona Yerusalemu. Nimeiri alitazama nje akaona Cairo. Kila mmoja aliona rafiki zake kwa uwazi, na hakuna aliyemwona mwenzake vizuri. Katikati yao wanakijiji wa Equatoria, wa Bahr el Ghazal na wa Upper Nile walikuwa wakichomewa nyumba.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kubwa kudhani kwamba malezi ni pingu ambayo mtu hawezi kuivua. Watu hao hao wawili ndio walioandika ukurasa wa amani. Februari 1972, kwa upatanishi uliosaidiwa na Mfalme Haile Selassie na mabaraza ya makanisa, mapatano yalifikiwa Addis Ababa. Yule mwanafunzi wa misheni aliyeiandikia Israeli, na yule ofisa aliyeisikiliza Cairo, wakakubaliana. Lagu akarudi katika jeshi la Sudan akiwa Meja Jenerali, na wapiganaji wake maelfu wakavaa sare moja na watu waliokuwa wakipigana nao. Amani hiyo ilidumu miaka 11.

Ni nini kilichowawezesha? Jambo moja halifai kusahauliwa na askari: wote wawili walikuwa wametoka katika chuo kimoja cha kijeshi. Walikuwa wamelelewa mbalimbali, lakini walikuwa wamecheza gwaride katika uwanja mmoja na kufundishwa amri zile zile. Palikuwapo dirisha la tatu, dogo, ambalo kila mmoja angeweza kumwona mwenzake kama mwanajeshi. Si chuo peke yake kilicholeta mapatano. Uchovu wa vita na hali ya siasa ya Khartoum vilichangia sana. Lakini mtu aliyepata kumjua adui yake kabla ya uadui ana neno la kuanzia mazungumzo.

Mwaka 1983 Nimeiri aliyavunja mapatano yake mwenyewe. Juni aliigawa Kusini katika mikoa mitatu, na Septemba akatangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima. Wakati huo alikuwa karibu na mtu mwingine aliyepata kuwa mwanafunzi wa Hantoub, Hassan al-Turabi. Baba yake Turabi alikuwa kadhi, na mtoto alihifadhi Kurani na kujifunza fikihi nyumbani kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Khartoum, London na Paris. Ulaya ilimpa shahada, lakini picha ya dunia aliyokuwa nayo ilikuwa imechorwa sebuleni kwa baba yake. Baada ya mapinduzi ya tarehe 30 Juni, 1989, Turabi alipata nafasi ya kuifanya picha ile kuwa siasa ya nchi za nje. Mwaka 1991 aliwakusanya Khartoum wajumbe wa vyama vya Kiislamu na vya Kiarabu kutoka nchi nyingi, na mwaka huo Osama bin Laden akapata makazi katika Sudan. Mwaka 1993 Marekani iliiweka Sudan katika orodha ya nchi zinazosaidia ugaidi. Mwaka 1995 Uganda ilivunja uhusiano wa kibalozi. Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa uliiwekea vikwazo. Nyumbani, televisheni ya Khartoum ilikuwa na kipindi kilichoonyesha vita vya Kusini kama uwanja wa jihadi, na vijana wakatoka mbele ya televisheni kwenda kufa katika nchi wasiyoijua, mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuwasikia wakisema neno.

Sasa na utazamwe upande mwingine, usije msikilizaji akadhani kwamba ni Khartoum peke yake iliyolelewa.

John Garang alizaliwa mwaka 1945 katika nchi ya Bor, akawa yatima angali mtoto. Vita vilimkuta shuleni, akakimbia, na masomo yake ya sekondari akayamalizia Tanzania, huko Magamba katika milima ya Lushoto. Alikwenda Marekani, akapata shahada ya uchumi katika chuo cha Grinnell mwaka 1969, kisha akarudi Afrika kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mji ule katika miaka ile ulikuwa makao ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Redio Tanzania ilikuwa ikiwapa nafasi ya kutangaza kwa watu wao. Chuoni palikuwa na chama cha wanafunzi wa mapinduzi ya Kiafrika, ambacho mwenyekiti wake alipata kuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Garang alikuwa mwanachama.

Mtu aliyepita katika malezi hayo hakuiona Sudan kama Lagu alivyoiona. Alipokiongoza chama cha SPLM na jeshi lake baada ya maasi ya Bor ya tarehe 16 Mei, 1983, hakusema kwamba shida ni Mwarabu. Alisema shida ni utawala wa wachache, na kwamba Sudan nzima yapasa kuwa mpya. Lugha hiyo ilikuwa lugha ya Dar es Salaam, ambako mtu alifundishwa kuuliza nani ananyonywa kabla ya kuuliza ni wa kabila gani. Na urafiki wa ujana ulizaa matunda ya siasa. Museveni alipoingia madarakani mwaka 1986, Uganda ikawa mgongo wa vita vya Kusini. Desemba 2013, vita vilipozuka Juba, askari wa Uganda waliingia katika muda wa siku chache. Machi 2025 walikuja tena. Wako wanaosema kuja huko ni udugu, na wako wanaolalamika. Lakini hakuna awezaye kuueleza bila kutaja madarasa ya Dar es Salaam ya miaka ya 60.

Vivyo hivyo, tarehe 15 Aprili, 2016, Rais Kiir alipotia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, sahihi ile iliwekwa Dar es Salaam. Wengi wa kizazi kilichoupokea uamuzi huo walikuwa wamesoma Uganda na Kenya wakiwa wakimbizi, wakajifunza Kiswahili katika shule na makambi ya huko. Ukimbizi ni msiba, lakini nao ni malezi, na ulielekeza uso wa nchi upande wa kusini na mashariki.

Ama redio, SPLA iliitambua nguvu yake mapema. Tangu mwaka 1984 Redio SPLA ilitangaza kutoka Ethiopia, na watu waliisikiliza kwa siri, sauti ikiwa chini na mlango umefungwa, hata katika nyumba za maofisa wa serikali. Ilifundisha, ilitia moyo, ilitangaza ushindi. Lakini redio hiyo ilikuwa mgeni wa serikali ya Mengistu Haile Mariam, na mgeni hasemi vibaya juu ya mwenye nyumba. Wasikilizaji wake walijua makosa yote ya Khartoum na hawakuambiwa makosa ya Addis Ababa. Mei 1991 Mengistu alipoanguka, redio ilinyamaza, na maelfu ya wakimbizi wa Kisudan wakalazimika kuondoka Ethiopia kwa miguu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Agosti, kundi la makamanda waliokuwa Nasir walitangaza kwa redio ya BBC kwamba Garang ameondolewa. Jeshi likagawanyika, na kabla ya mwaka kwisha damu ya raia ilimwagika Bor. Wapiganaji wengi walisikia redioni kwamba mwenzao wa jana ni adui wa leo.

Hata mbali ng'ambo ya bahari mambo ni hayo hayo. Watu wa Sudan Kusini huwakumbuka kwa shukrani Wamarekani waliosaidia kuleta amani ya mwaka 2005. Rais George W. Bush, mtu wa kanisa, mwaka 2001 alimteua John Danforth kuwa mjumbe wake, seneta wa zamani ambaye pia ni kasisi, na mwaka 2002 akatia sahihi sheria ya Marekani juu ya amani ya Sudan. Nyuma yao palikuwa na makanisa na magazeti yaliyokuwa yamewaeleza waumini, mwaka baada ya mwaka, habari za Wakristo walioteswa na watu waliotekwa utumwani. Habari hizo zilikuwa za kweli. Lakini hazikuwa habari zote. Picha iliyopendwa ilikuwa ya Mkristo anayeonewa na Mwislamu. Picha ya Mkusini anayemuua Mkusini haikuwa na nafasi ukutani. Iliponing'inizwa yenyewe, Desemba 2013, marafiki wengi walipigwa na butwaa. Walikuwa wamempenda mtu wa kwenye picha, na sasa wakakutana na mtu mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, mifano hii haisemi kwamba malezi ya misheni ni mabaya, au ya chuo cha Kurani ni mabaya, au ya Dar es Salaam ndiyo bora. Kila malezi hufungua dirisha, na nyumba isiyo na dirisha ni kaburi. Kosa ni la mtu anayedhani kwamba dirisha lake ndilo dunia. Kiongozi wa namna hiyo humwamini rafiki wa utotoni hata rafiki anapokosea, na humshuku jirani hata jirani anapokuja na mikono mitupu. Naye msikilizaji wa redio moja ni kama mlinzi anayetazama upande mmoja wa boma usiku kucha. Upande ule ataulinda vema, na mwizi ataingia upande wa pili.

Je, jambo hili linamhusu vipi koplo aliye zamu darajani, au konstebo wa kituo cha Kator? Linamhusu kuliko linavyomhusu mwanadiplomasia. Tarehe 8 Julai, 2016, Rais na Makamu wa Kwanza wa Rais walikuwa pamoja Ikulu, J1. Katika saa zile zile habari ilitolewa katika Facebook kwamba Makamu huyo amekamatwa. Haikuwa kweli. Nje ya lango, walinzi wa pande mbili ambao tayari walikuwa wakitazamana kwa mashaka walipigana. Viongozi wenyewe waliisikia milio ya bunduki wakiwa mbele ya waandishi wa habari, wala hawakujua kulikuwa na nini. Mamia ya watu walikufa katika siku zile, wengi wao wakiwa askari, na habari ile ya uongo ikabaki kuwa maneno machache tu katika simu.

Askari wa zamani walifundishwa kukagua silaha kabla ya kuipokea: je, imejaa au ni tupu, usalama umefungwa au umefunguliwa? Habari nayo ni silaha, na yafaa ikaguliwe vivyo hivyo. Nani anasema, naye anakula kwa nani? Ni upande gani ambao hakuutaja? Na je, mkuu wa kikosi ametoa amri, au ni simu ya jirani iliyotoa amri? Mtu anayejiuliza hayo huhesabiwa kuwa mtii kwelikweli, kwa sababu ameikataa amri ya mtu asiyemjua.

Mwezi ule wa Januari 2025, baada ya picha za Wad Madani kufika, hasira ilikuwa ya haki kwa upande mmoja, maana waliouawa walikuwa ndugu. Serikali ilikuwa na njia yake ya kuipeleka hasira hiyo Khartoum, kwa njia ya ubalozi na kwa kudai uchunguzi. Waporaji walikuwa na njia yao. Na kati ya njia hizo mbili walisimama polisi na askari waliowaondoa wafanyabiashara wa Kisudan katika hatari na kuwahifadhi. Bila shaka miongoni mwa askari hao walikuwamo waliozaliwa wakati wa vita, waliosikia tangu utotoni kwamba mtu wa Kaskazini ni adui, waliofiwa na baba au kaka kwa risasi za Khartoum. Kuni zilikuwa zimepangwa ndani yao kama zilivyopangwa ndani ya wengine. Waliiona picha ile ile katika simu ile ile.

Lakini walimtazama mwenye duka aliyekuwa mbele yao, wakaona mtu mwenye watoto, anayetetemeka, ambaye hakuua mtu. Wakafungua lango la kituo, wakamwingiza ndani, kisha wakarudi kusimama langoni.

Siasa ya nchi za nje ya taifa lolote huandikwa katika wizara na hutiwa sahihi katika miji mikuu. Kwa siku zile chache, ile ya Sudan Kusini ililindwa hapo langoni.